Kiraka cha Taifa

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Siogopi. Ni kwamba siku nilipoondoka huko, jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ya tahajia, na sijui wajumbe waliishia wapi. Katika nchi hiyo aliishi Bwana Ansgari Luhende, Mkurugenzi wa Kanzidata ya Taifa, na haya yaliyompata huyasimulia yeye mwenyewe mbele za watu, huku akicheka kuliko wasikilizaji wake.

Kanzidata ilikuwa katika jengo jeupe katikati ya mji mkuu. Ndani ya jengo kulikuwa na chumba chenye baridi ya kutetemesha meno, na ndani ya chumba hicho kulisimama seva tatu, kompyuta kubwa kama makabati ya nguo, zikivuma bila kupumzika. Humo waliandikwa wananchi wote: nani kazaliwa lini, nani kamwoa nani, nani ana cheo gani, nani kafa. Kwa kuwa wananchi walikuwa na tabia ya kubishana na karani, Bunge lilipitisha sheria ya maneno mawili: "Rejista haikosei." Mzee mmoja aliyeandikwa kwa bahati mbaya kuwa ana miaka kumi na miwili alipelekwa shule ya msingi, na inasemekana alifaulu vizuri, hasa hesabu.

Bwana Ansgari alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio na tumbo la mtu anayehudhuria semina. Zamani alikuwa fundi. Aliyekuwa Mkurugenzi wakati ule, Bi Mwantumu Sengo, ndiye aliyemfundisha kazi. Kisha siku moja Waziri wa siku hizo aliomba taarifa kuhusu hali ya seva. Bi Mwantumu alipeleka ukurasa mmoja. Ansgari, ambaye hakuombwa, alipeleka kurasa themanini. Waziri alizipima taarifa zote mbili kwa mkono, moja huku, nyingine huku, na wiki iliyofuata Ansgari akawa Mkurugenzi na Bi Mwantumu akawa fundi wake. Mambo hayo yalitokea miaka tisa iliyopita, na tangu hapo Ansgari hakugusa kibodi. Aligusa vipaza sauti.

Asubuhi moja Bi Mwantumu aliingia ofisini kwake akiwa amevaa koti lake zito la chumba cha seva.

"Mkurugenzi, watengenezaji wa programu wametuletea taarifa. Kuna tundu kwenye mfumo. Mtu mjanja akilijua, anaingia na kubadilisha majina anavyotaka. Wametuma kiraka cha kuliziba."

"Kinachukua muda gani kukiweka?"

"Nusu saa. Ila kwanza tuchukue nakala ya akiba, halafu tukague seva zote tatu. Ile ya tatu ina wasiwasi, sijaruhusiwa kuifungua tangu uiwekee utepe." Akaweka karatasi mezani. "Mpango ni huu."

Ansgari aliigeuza karatasi kutafuta upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

"Ukurasa mmoja, Bi Mwantumu? Mheshimiwa atasema tumelala."

Akajifungia wiki tatu na makarani sita, akatoka na Mpango Mkakati wa Uwekaji wa Kiraka, kurasa mia mbili na kumi na nne. Ulikuwa na dibaji yake, picha yake akitazama mbali, dira, dhima, na mchoro wa mishale iliyozunguka na kurudi ilikotoka. Anakiri mwenyewe kwamba aliuchukua mpango huo nyumbani, akauweka kando ya kitanda, na kabla ya kulala akawa anasoma dibaji.

Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Dakta Gaudensi Mbarika, alisoma jalada na kurusha kiti nyuma.

"Kiraka? Serikali hii ivae kiraka? Wapinzani watasemaje? Sisi ni watu wa kushonewa viraka?"

"Ni neno la kitaalamu tu, Mheshimiwa," alisema Ansgari.

"Basi taaluma ibadilike!"

Kamati ndogo iliundwa. Ilikaa siku nne, ikapendekeza kiraka kiitwe Nishani ya Mfumo. Mtu havai kiraka hadharani, lakini nishani huvaliwa kifuani. Suala la siku nalo likaja mezani. Bi Mwantumu, aliyeitwa kueleza mambo ya kiufundi kwa dakika mbili, alishauri kazi ifanyike Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa na watu hawautumii mfumo.

"Jumapili ni kujificha," alisema Waziri. "Sisi hatuna la kuficha. Itafanyika Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya mabalozi. Na bendi iwepo."

Walipotoka, Bi Mwantumu alimfuata Ansgari kwenye ngazi. "Mkurugenzi, ile seva ya tatu."

"Imo kwenye mpango. Kiambatisho namba tisa."

"Kiambatisho namba tisa ni orodha ya vitafunwa."

"Basi ni namba kumi," alisema Ansgari, akaongeza mwendo.

Jumatano ilifika. Chumba cha seva kilitandikwa zulia jekundu, na mabalozi wakapewa makoti kwa sababu ya ile baridi. Bendi ya polisi haikutosha ndani, kwa hiyo mpiga tarumbeta mkubwa alibaki mlangoni, akipuliza kuelekea ndani. Waziri alitoa hotuba ya saa moja na robo ambamo neno "kihistoria" lilitajwa mara arobaini. Kisha Ansgari, aliyekuwa amejipangia kubonyeza kitufe kwa mkono wake mwenyewe, akakaa mbele ya kompyuta. Vidole vilikuwa vigeni kwake. Alitafuta kitufe kikubwa kwa muda, Bi Mwantumu akamwonyesha kwa kidevu.

Akabonyeza. Kioo kikatoa maneno:

"Seva ya tatu hailingani na nyingine. Kazi iendelee? NDIYO. HAPANA."

"Bonyeza Hapana," Bi Mwantumu alinong'ona. "Tusimame tuangalie."

"Kinasemaje?" aliuliza Waziri kwa sauti ya hotuba.

Hapa Ansgari hupenda kusimama na kufuta jasho, hata akisimulia wakati wa mvua. Alimtazama Waziri, akawatazama mabalozi, akakumbuka kwamba katika maisha yake yote ya utumishi hajawahi kusikia mtu akitamka hapana mbele ya mheshimiwa. Hakujua hata sauti yake inavyopaswa kuwa.

"Kinaomba ruhusa ya kuendelea, Mheshimiwa."

"Kipewe!"

Akabonyeza Ndiyo. Bendi ikapiga. Baada ya dakika ishirini na tatu kioo kikaandika "Imefanikiwa", na hata waliokuwa hawajui kusoma lugha ile wakapiga makofi. Bi Mwantumu peke yake hakupiga. Alikuwa amepiga magoti kando ya seva ya tatu, akichungulia nyaya za nyuma yake.

Tatizo lilijulikana pale Waziri alipotoka kwenda kwenye gari lake. Mlinzi alipitisha kitambulisho chake kwenye mashine, akakitazama, akakipitisha tena.

"Samahani sana, Bwana Mbarika. Hili ni gari la Waziri."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni msaidizi wa bwana mifugo, josho la ng'ombe la Kilimatembo."

"Rejista imekosea!"

Askari mmoja akatoa daftari na kuandika saa na mahali, kwa sababu kutamka maneno hayo kulikuwa kosa la jinai. Sheria hiyo ilikuwa imepelekwa bungeni na Mheshimiwa Mbarika mwenyewe, akishangiliwa. Alisimama kidogo, akavua tai, na jioni ile akapanda basi la Kilimatembo. Walioko huko wanasema alifanya kazi vizuri, ila aliwahutubia ng'ombe kabla ya kuwaogesha, nao wakawa wanachelewa malishoni.

Lililotokea lilikuwa hivi. Siku Ansgari alipoapishwa kuwa Mkurugenzi, mafundi wa vipaza sauti walikosa pa kuchomeka waya. Wakachomoa waya wa seva ya tatu uliokuwa ukiiletea habari kutoka kwa wenzake, wakachomeka wa kwao, na hakuna aliyeurudisha. Ansgari akaizungushia seva hiyo utepe wa sherehe kama kumbukumbu, akakataza isiguswe. Miaka tisa mashine hiyo ikawa inaota nchi ya zamani. Kiraka kilipoziwasha zote upya, ile iliyolala ndiyo iliyoamka kwanza. Ikajiona kiongozi, ikawaamuru wenzake waandike kama inavyokumbuka yenyewe.

Na kwa kuwa rejista haikosei, nchi ilirudi nyuma miaka tisa kwa adabu na utulivu. Waliokufa walitumiwa barua za kuhimizwa kuhuisha vitambulisho. Madarasa ya chini ya shule za msingi yalifungwa, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa bado hawajazaliwa. Wizara ya Kumbukumbu ilirudi kwa Mheshimiwa Ndaro Kipalamoto, aliyekuwa amefariki miaka saba iliyopita. Picha yake iliwekwa kwenye kiti, nayo ikaongoza vikao. Makatibu walishangaa jinsi kazi ilivyokwenda haraka. Kumbukumbu za mkutano wa kwanza ziliandika: "Mheshimiwa alisikiliza kwa makini na hakumkatiza mtu."

Bi Mwantumu akawa Mkurugenzi. Ansgari akawa fundi daraja la pili, na funguo za ofisi akazikabidhi siku hiyohiyo.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Bi Perpetua, amekaa sebuleni na sanduku miguuni, na barua mkononi. Perpetua alikuwa mjane wa fundi cherehani aliyeitwa Theodosi, na alikuwa ameolewa na Ansgari kwa miaka mitatu tu.

"Karibu, Bwana Luhende," alisema.

"Bwana Luhende? Perpetua, ni mimi."

"Naona. Mtu ambaye si mume wangu anaingia nyumbani bila kubisha hodi." Akamsomea barua: rejista ilionyesha yeye ni mke halali wa Theodosi, aliye hai, na kwamba anatakiwa kurudi kwa mumewe ndani ya siku saba.

"Lakini Theodosi tumemzika! Mimi mwenyewe nilibeba jeneza!"

"Unasema rejista imekosea?"

Ansgari akaangalia dirishani kama kuna askari, akashusha sauti. "Sisemi hivyo. Ninasema... kimsingi, katika muktadha wa zoezi zima..."

"Aliyefanya zoezi zima ni nani?"

Ansgari akainama kufungua viatu.

"Nimekuuliza, Ansgari. Jumatatu nzima ulikuwa unajifunza mbele ya kioo cha chumbani jinsi ya kubonyeza. Ni nani?"

"Mchakato ulipitia ngazi mbalimbali," alisema Ansgari, akaona aibu kabla hata sentensi haijaisha.

Perpetua alinyanyua sanduku. "Theodosi hakuwa na maneno mengi. Akikosea kipimo cha suruali alisema nimekosea, anafumua, anashona upya. Nakwenda kwa dada yangu. Mtakapokubaliana mimi ni mke wa nani, mnijulishe."

Siku mbili baadaye Ansgari alikwenda kurekebisha ndoa yake. Hapo ndipo alipojua kwamba ofisi aliyoiongoza miaka tisa ina foleni. Yeye alikuwa akiingilia mlango wa nyuma. Foleni ilitoka dirisha namba nne, ikazunguka jengo, ikapita mbele ya bango lenye picha yake akitazama mbali. Chini ya bango kulikuwa na maneno: "Huduma kwa Tabasamu." Mtu fulani alikuwa amemchora masharubu. Ansgari aliyatazama, akaona yanamfaa.

Mbele yake alisimama mwanamke mwenye mtoto wa miaka sita. Mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa kwa kanga shingoni, na umevimba vibaya kwenye kiwiko. Mtoto hakulia. Alikuwa amelia akamaliza.

"Amefanyaje?" aliuliza Ansgari.

"Ameanguka ukutani juzi. Hospitali wamekataa kumfunga. Wanasema hajazaliwa." Mwanamke alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. "Nikawaambia mbona mnamwona? Daktari akasema anamwona, lakini kompyuta haimwoni, na yeye hawezi kuandika jina la mtu ambaye hayupo. Alikuwa karibu kulia, yule daktari. Wameniambia nije hapa mnizalie upya."

"Mfupa ukikaa hivyo..."

"Utaungana vibaya. Wameniambia." Akamtazama kwa makini. "Wewe si yule wa kwenye bango?"

Ansgari alijaribu kutazama mbali, lakini mbali kulikuwa na ukuta.

"Ndiye."

"Basi niambie. Nani aliyefanya haya?"

Maneno yakamjia, mengi na mazuri, yote yamenyooshwa kwa pasi: changamoto za kimfumo, wadau, kipindi cha mpito. Yakafika kwenye meno, akamwona mtoto anavyokishika kiwiko kwa ule mkono mwingine, taratibu, kama yai.

"Mimi," alisema. "Kompyuta iliniuliza, nikajibu bila kufikiri. Niliambiwa nisibonyeze, nikabonyeza."

Mwanamke hakumpiga, ingawa Ansgari husema angefurahi kama angepigwa. Alisema tu, "Basi toka kwenye foleni uende ukarekebishe. Humu unakaa kufanya nini?"

Akatoka. Alimkuta Bi Mwantumu katika ofisi ya Mkurugenzi, na lile koti zito bado kavaa, hajakalia kiti.

"Bi Mwantumu, kuna namna yoyote?"

"Ipo." Akafungua mkoba, akatoa mkanda wa kumbukumbu, mdogo kama kisanduku cha sabuni. "Jumatano alfajiri, wakati mnatandika zulia, nilichukua nakala ya akiba. Bila kibali. Nchi yote imo humu kama ilivyokuwa kabla hujakaa kwenye kile kiti."

"Kwa nini hujairudisha?"

"Inahitaji idhini ya Waziri. Nimemwandikia jana. Nilitaka pia mtu wa kunisaidia, lakini mafundi wote wamekimbilia vijijini, wanaogopa kuulizwa."

Ansgari alisita. "Unajua ukiirudisha utakuwa fundi tena?"

"Na wewe Mkurugenzi. Najua." Alijifunga vifungo vya koti. "Nina wajukuu watatu ambao hawajazaliwa, Ansgari. Twende."

Walipitia wizarani kwanza. Barua ya Bi Mwantumu ilikuwa mezani mbele ya picha ya Mheshimiwa Kipalamoto. Katibu wake aliwaeleza kwamba utaratibu mpya ni rahisi: jambo likikaa mbele ya Mheshimiwa saa ishirini na nne bila yeye kulipinga, limepitishwa. Akatazama saa, akagonga muhuri.

Kazi ilifanyika mchana ule, bila bendi. Bi Mwantumu alisoma kila ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, na Ansgari akaurudia kama mtoto wa katekesimu. Kiraka waliking'oa ili wakiweke upya. Waya wa vipaza sauti ulikuwa bado umechomekwa nyuma ya seva ya tatu, mahali pembamba, na ilibidi mtu ajipenyeze. Ansgari alijipenyeza. Tumbo lilikwama. Kwa robo saa Mkurugenzi wa zamani wa Kanzidata ya Taifa alilala kifudifudi kwenye vumbi, miguu nje, akipokea maagizo.

"Kushoto," alisema Bi Mwantumu. "Kushoto kwako, si kwangu."

"Nimeupata!"

"Huo ni wa umeme wa chumba. Achia."

Saa tisa alasiri nchi ilirudi mahali pake. Kitu cha kwanza Ansgari alichokifanya ni kupiga simu hospitalini kuuliza habari za yule mtoto wa kiwiko. Karani akatazama, akasema ndiyo, mtoto yumo, kazaliwa miaka sita iliyopita, aletwe. Ansgari akatoka mbio mwenyewe, vumbi hadi kwenye nyusi, akamtafuta yule mwanamke kwenye foleni. Mkono ulifungwa jioni ile. Daktari alisema umechelewa kidogo, lakini utanyooka.

Wiki iliyofuata iliundwa tume. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mbarika, aliyerejea kutoka Kilimatembo akinuka dawa ya kupe. Tume ilikaa nusu saa, ikabaini mhalifu: Bi Mwantumu Sengo, fundi, aliyekutwa na nakala ya nchi ndani ya mkoba bila kibali. Pendekezo likawa afukuzwe kazi.

Ansgari alisimama. "Mheshimiwa, ni mimi niliyebonyeza. Yeye alinikataza."

"Keti, Mkurugenzi."

"Nilibonyeza mbele yako."

"Mkurugenzi hawezi kukosea," alisema Waziri kwa upole wa kutisha. "Akikosea, wataulizana ni nani aliyemwacha kitini. Keti. Tunaendelea saa nane."

Wakati wa mapumziko Ansgari hakwenda kula. Aliingia chumba cha seva, akakaa kwenye kibodi, akafungua jina lake mwenyewe. Alichapa kwa vidole viwili, polepole, akisoma kila herufi. Saa nane alirudi kwenye tume na karatasi iliyochapishwa na kugongwa muhuri, akamkabidhi mwenyekiti. Ilisomeka:

"Luhende, Ansgari. Cheo: fundi daraja la pili. Sababu: alibonyeza Ndiyo baada ya kuambiwa na Mwantumu Sengo abonyeze Hapana. Sengo alichukua nakala ya akiba kwa wajibu wake, akaiokoa nchi."

Mheshimiwa Mbarika aliisoma mara mbili. Uso ukamwiva. Akafungua kinywa, na kila aliyekuwamo aliona maneno mawili yakimpanda kooni. Kisha inaelekea aliwakumbuka ng'ombe, maana alikifunga tena, akaipitisha karatasi kwa wajumbe, nao wakainamisha vichwa. Bi Mwantumu akafutiwa mashtaka. Na kwa kuwa kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi na hakuna aliyekuwa tayari kukikaribia, akateuliwa kukikaimu mpaka apatikane mtu anayefaa. Bado anakikaimu.

Perpetua alirudi siku ya Ijumaa na sanduku lake. Alimkuta Ansgari anafua shati la kazi. Akachukua ndoo ya pili, akasuuza.

Jumatatu Ansgari aliripoti kazini. Bi Mwantumu alikuwa mbele ya kompyuta, akisoma taarifa mpya kutoka kwa watengenezaji: tundu lingine limeonekana, na kuna kiraka kingine.

"Wanasema tunaweza kukiweka leo, au tusubiri toleo lijalo," alisema bila kugeuka. "Wewe unaonaje?"

Ansgari alisimama wima, akavuta pumzi, akasafisha koo. Bi Mwantumu aliisikia ile pumzi, akafumba macho akingoja.

"Sijui," alisema Ansgari.

Bi Mwantumu aligeuka, akamtazama. Kisha akauvuta ule mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pili na kuuweka chini.

"Kaa basi," alisema. "Tusome."